Kucha za Bibi Kwenye Mkebe Wangu

"Sihri! Sihri!"

Madam Hala alikuwa amesimama mlangoni pa chumba changu, mkebe wangu mkononi.

Neno hilo nililijua. Uchawi! Jameni, huku Saudia hilo si la mchezo. Unaweza kuozea ndani!

Akaumwaga kitandani. Tope jeusi. Halafu kikaratasi... Ndani yake kucha na nywele nyeupe za mama mkwe wake, Bibi Mwatima.

Weuh!

"Madam, mafi sihri! Hakuna uchawi, wallahi!"

"Polisi!" akampigia kelele mumewe, bosi Marwan.

Wewe unayesoma, usinihukumu haraka.

Mimi ni Beldina, wa Mbita, kando ya ziwa. Kwetu jua na upepo wa ziwani vinakausha ngozi vibaya. Kwa hivyo kila Jumamosi mama alikuwa anatukalisha chini na kutupaka tope laini la ziwa miguuni. Likikauka unasugua, unaosha na maji moto, unamalizia na samli. Visigino vinakuwa kama vya mtoto. Niliposafiri kuja huku, alinipakia mkebe mzima wa hilo tope.

Kule Jeddah, mtaa wa Aziziya, kazi yangu ilikuwa kumtunza Bibi. AC inawaka kutwa, miguu yake ilikuwa imepasuka hadi inatoa damu. Mwenyewe haongei, labda "yalla" na "halas", yaani haya na basi. Nikaanza kumkanda na lile tope kama mama alivyonikanda.

Na nikikanda, naropoka na Kiswahili changu. Si nani atasikia?

Nilimwambia yote. Kwamba mwanangu Ian akiniona kwa simu anakimbia, hanijui. Kwamba wiki nzima inaweza kupita hakuna mtu ametaja jina langu. Madam nilimbatiza Mama Kelele.

Na kucha na nywele? Kwetu hazitupwi ovyo, zinafukiwa. Sasa Aziziya ni marumaru kila mahali! Nikaziweka kwa mkebe nikingoja kupata udongo. Ujinga wangu huo!

Bosi alifika simu ikiwa sikioni tayari.

Tukasikia fimbo ya Bibi ikigonga sakafu. Akasimama katikati yetu, akaongea Kiarabu kirefu, kikali, mate yakimruka. Bosi akashusha simu. Madam akaketi kitandani.

Kisha Bibi akanigeukia.

"Nimewambia ulisema utazifukia. Usilie, Beldina mwanangu."

Kiswahili! Tena cha Unguja kabisa!

Badala ya kushukuru, nilikasirika vibaya sana.

"Miezi minane, Bibi! Unanisikia nikilia na unaninyamazia?"

Akatazama miguu yake.

"Ningekujibu, ungeacha kusema. Mie nilikuja huku mwaka wa sitini na nne, wakati wa mapinduzi, ningali msichana. Wanangu Kiswahili hawakukitaka. Tangu afe mume wangu, hapana mtu aliyenisemesha Kiswahili. Nilikuwa naingoja siku ya miguu kama naingoja Idi."

"...Na Mama Kelele?"

"Hilo sikuwambia."

Nilicheka na machozi yakinitoka.

Siku iliyofuata alimtuma bosi alete chungu cha maua, tukafukia zile kucha na nywele sisi wawili. Tuliongea miezi minne. Kutwa yeye ni kuniita tu, "Beldina! Beldina!", hata kama hana haja na kitu.

Kisha Bibi akafariki. Nikapewa kafili mwingine, yaani bosi mpya, Riyadh. Huku hewa ni kavu kuliko Jeddah na nyumba nzima hakuna anayenijua.

Leo nimejikanda miguu peke yangu. Tope limebaki la kukwaruza na kijiko. Nikajikuta naongea... halafu nikangoja Bibi anijibu.

Funzo? Ukimsikia mtu anaongea peke yake na lugha yake unaielewa, mjibu. Usingoje polisi wapigiwe simu. Mimi na Bibi tulipoteza miezi minane tukiwa chumba kimoja.

Kama umesoma hadi hapa, andika hapo chini hata jina langu tu. Nilione mahali.