Kiganja cha Everlyne

Kila siku saa moja asubuhi, Mwaro aliwasalimu wafanyakazi wake kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa msimamizi wa banda la kubangua korosho, nje kidogo ya mji wa Kilifi. Wanawake ishirini walifanya kazi chini yake. Kwa salamu hiyo alijiona kiongozi wa watu, na hakuna aliyethubutu kumwambia vingine.

Ganda la korosho lina mafuta makali. Yakigusa ngozi, huiunguza. Ndiyo maana wabanguaji huvaa glavu. Mwaka huu Mwaro mwenyewe alichagua glavu mpya, nyembamba, akazisifu sana kwa wakubwa wake.

Wiki ya pili, Kavumbi alisimama mbele ya wenzake. Alikuwa amebangua korosho miaka kumi na mmoja.

"Mzee Mwaro, glavu hizi hazifai. Mafuta yanapenya."

Mwaro alihisi uso unawaka. Akosolewe yeye, tena mbele ya banda zima!

"Nani mwingine anasema hivyo?" aliuliza.

Wote waliinamisha vichwa.

"Basi ni wewe tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Kavumbi. Kuanzia leo utafagia maganda uani."

Kavumbi alichukua ufagio. Toka siku hiyo Mwaro akiuliza, "Mko sawa?" alijibiwa, "Sawa, mzee." Naye, maskini wa akili, akadhani jibu hilo ni heshima.

Kitu kimoja kilibadilika. Wanawake waliacha kumpa kiganja. Walimpa kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu aliyetoka kupaa samaki magamba. Mwaro alidhani mikono yao ni michafu. Michafu saa moja asubuhi, kabla kazi haijaanza! Hakujiuliza. Alishika vifundo hivyo wiki tano nzima.

Kisha mbanguaji mmoja, Everlyne, hakuja kazini. Alikuwa mama mwenye mtoto mchanga. Mwaro alikwenda zahanati kuhakikisha kama ni mgonjwa kweli. Alimkuta ameketi kwenye benchi, huku mtoto wake Cindy amepakatwa na bibi yake. Muuguzi Phoebe alikuwa anamfungua Everlyne bendeji. Ngozi ya kiganja ilikuwa imechunika, na kidole cha shahada kimevimba na kutunga usaha.

Mwaro alishtuka. "Mbona hukuniambia, Everlyne?"

Everlyne hakumtazama. "Kavumbi alikwambia, mzee."

Phoebe alimtoa nje.

"Huyu ni wa tatu kutoka bandani kwako mwezi huu. Wawili waliniomba nisikwambie."

"Nani hao?"

"Umejisikia? Hata sasa unauliza 'nani'. Ungeuliza 'nini kimetokea'. Mtu akikukosoa, nyamaza kwanza mpaka moyo utulie. Halafu rudia maneno yake: 'Unasema mafuta yanapenya?' Ajue umesikia. Kisha mwambie, 'Nionyeshe.'"

"Na kama amekosea?"

"Utamweleza kwa upole, ukishaona. Kama ana haki, mshukuru, mwambie utarekebisha lini, na urekebishe kweli. Wewe glavu uliitazama?"

"Sikuitazama," alisema Mwaro. "Lakini Kavumbi alinivunjia heshima mbele ya watu."

"Everlyne hawezi kumbeba mtoto wake, nawe bado unalia na heshima yako?"

Mwaro aliona haya. Kwa mara ya kwanza aliona haya inayostahili.

Kesho yake aliwakusanya wafanyakazi. Alikuwa amemwaibisha Kavumbi mbele ya watu, kwa hiyo hakumwita kando.

"Kavumbi aliniambia kweli, nikamwadhibu. Nilikosa. Nisamehe, Kavumbi, na urudi mahali pako."

Kavumbi aliegemea ufagio wake. "Ulisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mkuu asiposikia, mzee? Guu linalovunjika si lake."

Maneno ya kujitetea yalimjaa Mwaro kinywani. Aliyameza, na yalikuwa machungu.

"Unasema kosa langu limewaumiza ninyi. Ni kweli," alijibu. "Nionyesheni mikono."

Viganja viligeuzwa, kimoja kimoja. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wameungua. Mwaro alisimamisha kazi hapo hapo. Aliwaambia wakubwa wake kwamba glavu mbaya alizichagua yeye. Siku ya tatu glavu nene zilifika, na Kavumbi alizijaribu kwanza kabla ya kazi kuanza.

Siku hizi Mwaro haulizi, "Mko sawa?" Huuliza, "Jana nini kilitutatiza?"

Asubuhi moja Kavumbi alijibu, "Wewe. Ulimkatiza Damaris akisema."

Mwaro alivuta pumzi. "Nilimkatiza? Asante kwa kuniambia. Damaris, ulitaka kusema nini?"

"Mlango wa nyuma una kufuli, mzee. Moto ukizuka tutatokea wapi?"

Kabla ya adhuhuri kufuli lilikuwa limeondolewa. Hakuna aliyeungua tena katika banda lile.

Everlyne alirudi baada ya miezi mitatu, akapewa kazi ya kuchagua korosho zilizokwisha kubanguliwa. Alimpa Mwaro kiganja. Kilikuwa kigumu chenye makovu, na kidole cha shahada hakikukunjika. Hakitakunjika tena.

Kavumbi naye husimama kwenye mstari kila asubuhi. Mikono yake ni mizima na safi. Humwambia Mwaro ukweli bila kuuma maneno, naye humsikiliza. Lakini akinyooshewa mkono, mpaka leo, Kavumbi humpa kifundo.