Tuta la Kilo Kumi na Saba

Wakati wa kiangazi, ukungu hulala juu ya bustani za mtoni, pembeni mwa Kolwezi, mpaka jua lipate nguvu. Wamama hufika kabla haujaondoka. Huwaoni. Unasikia tu bidoni zikigongana na maji yakimwagika. Bilkisi aliipenda saa ile. Alisimama na bidoni kichwani, akatazama matuta ya mboga za lengalenga yakitokea moja moja kwenye weupe, akasahau kilichomleta.

"We Bilkisi! Unalala na umesimama?" mama yake, Kadija, aliita. "Mayi inamwangika!"

"Niko nakuya, mama."

Bilkisi alisoma kilimo chuo kikuu. Mama yake aliongoza chama cha wamama wa bustani. Mto ulikuwa umeshuka, na maji yalibebwa asubuhi na jioni. Shingo za wamama zilichoka.

Ndipo Bilkisi akapata wazo kwa ajili ya kazi yake ya chuo. Alifunika matuta matano kwa majani makavu, ili jua lisikaushe udongo. Matano mengine aliyaacha wazi. Mboga zilipokomaa, alivuna kila tuta na kupima mavuno yake. Kisha akatafuta wastani: alijumlisha kilo za kila upande, akagawa kwa matuta matano. Upande uliofunikwa ulipata kilo saba. Upande ulioachwa wazi ulipata kilo nne.

Saba kwa nne! Bilkisi alifumba macho akaona kijani kikipanda kutoka mtoni mpaka kwenye vilima vya udongo wa migodi, na wamama wamekaa chini wakipumzika.

Kadija alipeleka habari bustanini. Wamama wakapiga vigelegele.

"Basi tutafunika matuta yote," alisema Kadija. "Mangaribi hatutachota mayi tena. Mayani njo itatutunzia bulongo isikauke."

Bilkisi alitembea kwenda nyumbani kama mtu anayeelea. Kabla ya kupeleka kazi kwa mwalimu, alimwonyesha jirani yao, Mama Marlène. Mama huyu alifanya kazi maabara, mahali mawe ya mgodi yanapopimwa ili kujua yana shaba kiasi gani.

Mama Marlène alisoma polepole, amekaa kibarazani.

"Umeandika muzuri, mutoto yangu. Lakini kilo ya kila tuta iko wapi? Naona tu moyenne, ile wastani."

"Moyenne haitoshi, mama?"

"Tuone."

Alichukua kipande cha mkaa, akachora mstari mrefu kwenye saruji. Juu yake akaandika namba, kutoka moja mpaka ishirini. Akampa Bilkisi punje chache za mahindi.

"Kila tuta lenye ulifunika, weka mbegu yake."

Bilkisi alifungua daftari la vipimo, akaweka mbili kwenye nne. Mbili kwenye tano. Ya mwisho aliiweka mbali sana, kwenye kumi na saba.

"Unaona nini?"

"Ine ziko pamoja. Moja iko yake yenyewe."

"Na ku saba, iko mbegu?"

Bilkisi alitazama. Juu ya saba palikuwa patupu. Hakuna hata tuta moja lililotoa kilo saba.

"Ile tuta moja imevuta wastani," alisema Mama Marlène. "Sasa panga kilo, kuanzia ndogo mpaka kubwa. Ya katikati ni ngapi?"

"Ine, ine, tano, tano, kumi na saba... Ya katikati ni tano."

"Hiyo inaitwa mediani. Tuta moja kubwa haiwezi kuivuta. Upande mwengine?"

"Tatu, ine, ine, ine, tano. Mediani ni ine."

Tano kwa nne. Tofauti ilikuwa kilo moja tu, tena kwa matuta machache hivyo.

"Basi nifute ile kumi na saba?" Bilkisi aliuliza.

"Hapana! Nayo ni ya kweli. Kwetu ku labo, jiwe moja ikiwa na shaba mingi sana, hatuitupi. Na hatusemi kilima yote iko vile. Tunarudia kuona ilitoka wapi. Na wewe, rudia ku bustani."

Bilkisi alirudi. Tuta lile lilikuwa la pembeni, chini ya ukuta. Alichimba kwa vidole. Udongo ulikuwa mweusi na laini. Mzee Tshiamala, aliyekaa upande wa pili wa ukuta, alichungulia.

"Unatafuta nini, mama mudogo?"

"Tata, juu ya nini bulongo ya hapa iko tofauti?"

"Mbuzi zangu njo zilikuwa zinalala hapo, mbele bamama bafungue bustani."

Samadi ya mbuzi! Bilkisi alikaa chini. Akakumbuka na jambo jingine. Matuta ya kufunika aliyachagua mwenyewe, yale yaliyompendeza macho. Kumbe jaribio lilipinda tangu siku ya kwanza.

Kesho yake alisimama mbele ya wamama.

"Bamama, musiache kuchota mayi ya mangaribi. Bado hatujui kama mayani inatosha."

"Ulisema saba!" alilalamika Mama Mbelu. "Ilikuwa uongo?"

"Haikukuwa uongo. Nilihesabu muzuri, lakini sikuangalia muzuri."

Akawasimulia habari ya mahindi na ya mbuzi. Kadija akasema, "Kama tungeacha mayi, mboga ingekufa yote. Sasa tufanye namna gani?"

"Tujaribu tena, na matuta mingi. Na mi sitachagua."

Walitia maharage meupe na mekundu kwenye beseni, idadi sawa. Mbele ya kila tuta, mama mmoja alifumba macho, akatumbukiza mkono, akatoa harage moja. Jekundu, tuta lifunikwe. Jeupe, liachwe wazi. Walicheka kama wasichana mchezoni. Maji walimwagilia sawasawa pote.

Bilkisi alimweleza mwalimu ukweli wote, naye akampa muda. Lengalenga zilipovunwa, alichora mistari na kupanga mbegu za mahindi kabla ya kuhesabu chochote. Mbegu za upande uliofunikwa zilisogea mbele kidogo ya zile nyingine. Siyo mbali, lakini karibu zote pamoja. Wastani na mediani zilikaa jirani. Majani yalisaidia, kwa kiasi. Wamama walifunika matuta yote, na maji hawakuyaacha. Kiangazi kile hakuna tuta lililokauka.

Baadaye kidogo, mwanamume mmoja alifika bustanini na mifuko ya unga wa kijani.

"Bamama, dawa hii inazidisha mboga mara tatu!" alitangaza. "Tazameni picha ya tuta hii!"

Bilkisi alifungua mdomo ajibu. Kadija alimshika mkono, akatua bidoni yake, akajifuta mikono.

"Tata, hiyo ni tuta moja," alisema kwa upole. "Zingine ziko wapi?"

Yule mwanamume alitazama picha yake. Wamama, mmoja baada ya mwingine, waliacha kumwagilia, wakasogea karibu wapate kusikia jibu.