Maji ya Makayabu

Kila asubuhi Mama Mushiya aliwasha makaa mbele ya hema lake, akabandika maji ya bukari, yaani ugali. Hema lenyewe lilikuwa shuka mbili tu, kando ya stesheni ya treni ya Kolwezi. Ulikuwa mwaka 1993. Watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wamefukuzwa majumbani, wakaambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Mumewe Tshiamala, karani wa mgodi, alizaliwa hapo hapo Kolwezi. Inauma hata kuandika.

Ilikuwa wiki ya tano wakingoja treni ya kwenda Kasai. Siku hiyo Mama Valérie, muuguzi na jirani yao wa zamani, alikuja na mashine ya kupima tension, yaani shinikizo la damu. Alimpima Tshiamala mara moja, akampima tena.

"Kumi na nane! Iko juu sana. Tata, dawa unakunywaka?"

"Kila siku, mama. Na mi shisikie hata maumivu."

"Tension haipigake hodi. Inaweza kukuangusha mu treni, na mule hakuna munganga."

Mushiya aliingiwa na hofu kubwa.

"Lakini mama, mi shitie tena chumvi mu chungu! Tangu ulinikatazaka, hata kidogo!"

Valérie alishangaa. Mushiya si mtu wa uongo. Basi chumvi inapitia wapi? Akafunua chungu, akanusa. Akafungua mfuko wa chakula. Ndani mlikuwa na makayabu, wale samaki wa chumvi, vipande vinene. Pale stesheni kila familia ilinunua makayabu, maana hawaozi upesi, na treni haikuwa na siku maalumu ya kufika.

"Hii munakulaka mara ngapi?"

"Kila siku. Lakini ile ni samaki, mama. Haiko chumvi."

Valérie hakubishana. Alitia kipande kimoja katika bakuli la maji. Wakakaa, wakaongea habari za majirani waliokwisha kuondoka. Baada ya saa moja akampa Mushiya kijiko.

"Onja maji."

Mushiya akaonja, akatema. "Mamawee! Ni chumvi tupu!"

"Njo ile tata anakulaka kila siku."

Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.

"Sasa tutakula nini?"

"Maharagi, nyanya, majani ya lengalenga. Tia ndimu, kitunguu, pilipili. Cube ya mchuzi, hapana, nayo iko na chumvi. Makayabu, mara moja moja tu. Loweka toka mangaribi mpaka asubui, badilisha maji mara tatu, mwaga yote. Na tata asiache dawa!"

Tshiamala alinuna. Siku ya kwanza alisema maharagwe yale yana ladha ya karatasi za ofisi. Siku ya kumi aliomba aongezwe.

Treni ilifika wiki ya tisa. Watu walisukumana, wengine wakipitia madirishani. Valérie alikuja mbio na mashine yake, akampima Tshiamala palepale, juu ya mizigo.

"Kumi na ine! Imeshuka!" alisema, akacheka, kisha akalia.

Tshiamala alipanda behewa kwa miguu yake mwenyewe, akageuka, akamvuta mkewe juu. Waliondoka Kolwezi wakilia, lakini waliondoka wote wawili.