Kola Haijui Umri

Umewahi kuona watu wanne wako kazini chumba kimoja, mmoja anatoka jasho na mwingine anakoroma? Basi ungekuja kwetu.

Tunashona mashati ya shule katika chumba cha mbele. Mwanangu anakata vitambaa. Mume wangu, mzee wa nyumba, anashona kola. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, anaunga mikono na mbavu za shati. Mimi natia vifungo na kupiga pasi. Tumekaa mstari, shati linapita mkono hadi mkono.

Mwalimu mkuu alikuja amekunja uso. "Ijumaa nisipoyaona mashati yangu, kazi nampa fundi mwingine."

Na hatukuwa na mteja mwingine.

Mwanangu akaona dawa ni mbio. Akakata, akakata. Vitambaa vikapanda mbele ya baba yake mpaka mzee akawa haonekani, anasikika kikohozi tu.

"Baba, uko hai?"

"Niko hai! Kola ndiyo uso wa shati. Uso haukimbizwi!"

Mkwe wangu alikuwa amelaza shavu kwenye cherehani, usingizi umemchukua. Hana cha kuunga. Mimi nyufa zote za ukuta nilishazikariri.

Jioni akaja jirani yetu, Mama Pacha, kuomba uzi mweusi. Yeye ni msimamizi kwenye kiwanda cha viatu. Akasimama mlangoni, akacheka.

"Mzee yuko wapi?"

"Nyuma ya mlima," nikamjibu.

Akamgeukia mwanangu. "Kijana, hebu weka mkasi chini. Kazi ya mstari inakwenda kwa mwendo wa aliye polepole kuliko wote. Ukitaka kumjua, tazama rundo liko mbele ya nani. Ukizidi kukata, unaongeza rundo, huongezi mashati."

"Lakini tumegawana sawa! Kila mtu na kazi yake."

"Mmegawana kazi, hamkugawana muda. Kola inakula muda kuliko vifungo. Kazi nzito mpe mwenye mkono mwepesi. Nani hodari wa kola humu ndani?"

Sote tunajua. Mkwe wangu akishika kola, hujamaliza kupiga chafya imekwisha.

"Sasa mbona anashona mzee?"

"Ndiye mkubwa," mwanangu akanong'ona.

"Kwani kola inajua umri?"

Mkwe wangu, ameshaamka, akainamisha kichwa. "Mimi nimwondoe baba mkwe kitini? Afadhali nilale."

Kumbe tulikuwa tumepanga viti kama watu wanaopigwa picha ya familia!

"Na nani atamwambia?" nikauliza.

Mlima ukakohoa. "Nimeshasikia."

Ee, mwenzangu, nilitamani ardhi inimeze. Mzee akainuka, akachukua miwani yake. Akaenda moja kwa moja kwenye pasi.

Kesho yake mkwe wangu akakaa kwenye kola. Mwanangu akikata vya kutosha, anaacha mkasi, anaunga mikono na mbavu. Mimi nikabaki na vifungo. Mara rundo likahamia kwangu!

"Msishtuke," Mama Pacha alisema alipopita kututazama. "Rundo huhama. Likimwelemea mmoja, aliye na nafasi aende amsaidie."

Mwanangu akaja kunisaidia. Kifungo chake cha kwanza alikishona pamoja na suruali yake mwenyewe. Tukamkatia nyuzi, tukaendelea. Hakuna aliyekoroma tena.

Ijumaa mwalimu mkuu akayakuta mashati yote yamekunjwa, yamenyooka. Akatabasamu, akatuachia na kazi ya sketi.

Lakini mwanangu hakuwa na raha. Baba yake alikuwa hajazungumza naye tangu siku ile. Akamsogelea pole pole.

"Baba, utusamehe. Kiti chako cha kola kipo. Ukikitaka, nakurudishia hata sasa hivi."

Mzee akaikumbatia pasi kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

"Ole wako!" akasema. "Kola sijaipenda tangu ujana wangu. Mimi nilikuwa nataka pasi. Nilikuwa nangoja tu mtu wa kunifukuza."