Mkono wa Afande

Taa za barabarani zilikuwa zimekufa tangu alfajiri, na mzunguko mkubwa wa katikati ya mji ulibaki mikononi mwa mwanamke mmoja. Alisimama juu ya kijukwaa cha saruji, sare nyeupe imenyooka kwa pasi, glavu nyeupe, mkanda mweusi umekibana kiuno. Akinyoosha kiganja, malori yanasimama. Akizungusha kiwiko, upande mzima wa mji unaondoka. Hata wale madereva wasiomwogopa mama mkwe walikuwa wanamtii. Kila mtu alimwita Afande, na alikuwa amelizoea hilo kiasi kwamba akiitwa jina la nyumbani hageuki.

Kilichomsumbua asubuhi ile ni mwanamume mmoja aliyesimama ukingoni, boksi la nyaya kifuani, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko. Afande aliwaruhusu wenye miguu, mtu huyu hakuvuka. Akawaruhusu tena, yuko palepale, macho hayabanduki. Mwishowe akashuka kwenye kijukwaa akamfuata.

"Kaka, unaumwa au umepotea?"

"Wala. Naangalia mkono wako, Afande."

Afande alishasifiwa macho, sauti, hata viatu. Mkono ulikuwa mpya.

"Umekukosea nini?"

"Umenishinda. Unasema njoo, ngoja, pinda na ole wako, na hakuna anayechanganya. Mimi simu yangu naifundisha mwaka wa pili huu, bado inachanganya feni na redio."

Honi zilianza kulia nyuma yao. Mwanamume akaeleza harakaharaka, kama mtu anayejua hatapewa nafasi nyingine: ndani ya simu kuna dira inayojua imeelekezwa wapi, na kuna kifaa kinachohisi ikiinuliwa, ikiinamishwa au ikipinduliwa. Sasa yeye nyumbani kwake akiielekeza simu kwenye taa na kuipindua kidogo, taa inawaka. Hagusi swichi.

"Na swichi ilikukosea nini?" Afande akauliza.

"Swichi iko mbali, kwa mtu asiyeweza kusimama."

Jibu hilo lilitoka taratibu kuliko mengine. Afande alilisikia, ila lori la kokoto lilikuwa limeshaingia katikati ya mzunguko.

"Vuka, nisije nikakukamata."

"Kwa kosa gani?"

"Nitalitafuta ukiwa ndani."

Akavuka huku anacheka. Kesho yake akarudi bila boksi, na keshokutwa pia. Alikuwa fundi wa vifaa vya umeme, mwenye kiduka cha kutengeneza televisheni, redio na simu mtaa wa pili, kwa hiyo Afande akamwita Fundi. Wakapeana namba. Watu husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na Afande alianza kukohoa wiki ileile. Wenzake kituoni walimwona anatabasamu na simu kama mtu anayesoma matokeo mazuri ya mtihani.

"Umekula?" Fundi alikuwa akimpigia jioni.

"Nimekula vumbi la mji mzima."

"Basi umeshiba. Nilitaka kukualika."

"Fundi, wewe unajua kubembeleza kweli?"

"Sijui. Najua kutengeneza."

"Basi nitengeneze," Afande akasema, halafu akajiziba mdomo, peke yake chumbani, amekaa kitandani na soksi moja mguuni.

Mapema kabisa Fundi alimwambia kwamba alikuwa na mke, na kwamba alifariki baada ya kuugua muda mrefu. Afande akampa pole, hakuuliza zaidi. Kidonda cha mtu hakipekuliwi. Alijua mwenyewe atasema siku akiweza.

Siku ya kwanza kwenda kwake alivaa gauni la zambarau lililomfika chini ya magoti, na viatu vya kisigino alivyovijutia alipoziona ngazi. Sebule ilikuwa ghorofa ya tatu, safi, yenye feni darini, redio juu ya kabati, taa kubwa ukutani na taa ndogo kwenye meza ya dirishani. Kando ya dirisha kulikuwa na kiti cha mikono, mto wake umebonyea katikati.

"Kaa hapa," Fundi akasema, akimpeleka kwenye kiti kile. "Simu inahesabu pande zake kutokea hapa. Ukikaa kwingine, ukielekeza kwenye taa yenyewe inadhani umeelekeza kwenye kabati."

Afande akakaa, akaishika simu, akainyoosha kwenye taa ya ukutani kwa mkono uleule wa kusimamisha malori. Feni ikaanza kuzunguka kwa kasi ya mwisho. Risiti za dukani zikapaa mezani. Akajaribu kuizima, redio ikapiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

"Nyumba yako imenikataa."

"Haijakukataa. Mkono wako una amri nyingi." Fundi alikuwa anacheka hadi machozi. Akachuchumaa mbele yake, akaushika mkono wake kwa chini. "Polepole, mpenzi. Inua kidogo tu. Kama unamfunika shuka mtoto aliyelala. Halafu pindua kifundo, usitumie bega."

Mkono wa Fundi ulikuwa na joto. Afande aliona ni vyema asiijue simu haraka.

Hata hivyo alijua, maana alikuwa mtu wa kujifunza. Kila alipokwenda alikaa kwenye kiti cha dirishani, akafunika mtoto wake wa kufikirika, na nyumba ikamtii. Taa ya ukutani, feni, redio. Ya dirishani ndiyo iliyokuwa ngumu, ilitaka simu itetemeke kidogo mwishoni, na siku alipoiweza Fundi alimtazama, akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa visafi tayari. Afande akadhani ni furaha.

Matokeo yakaonekana barabarani. Asubuhi moja dereva wa basi alitoa kichwa dirishani akauliza kwa heshima, "Afande, tusimame au tuje? Leo mkono hausomeki." Afande akautazama. Ulikuwa umeinuka nusu, kiganja kimelegea, kifundo kimepinda. Akaukaza kwa aibu, na siku nzima alikuwa anajiuliza lini mkono wake ulianza kunong'ona.

Dada mkubwa wa Fundi alikuja Jumapili moja bila taarifa, mwanamke mnene mchangamfu mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Alikuwa anamkumbatia mdogo wake mlangoni wakati Afande, amekaa kitini, alipoiinua simu ili amwashie mgeni taa. Akainua kidogo. Akapindua kifundo. Taa ya dirishani ikawaka, na yule mwanamke akaachia mkoba ukaanguka.

"Wifi," akasema, "samahani. Nimeshtuka. Ni yeye kabisa. Kiti, mkono, hata ule mtetemo."

"Yeye nani?" Afande akauliza.

"Marehemu. Si ndugu yangu alimtengenezea hivi vitu vyote pale alipokuwa hawezi kunyanyuka? Mikono yake ilikuwa haina nguvu, masikini." Akamtazama mdogo wake, akaona uso wake, akagundua amesema jambo ambalo halikuwa limesemwa. Akakumbuka ana safari dukani, akaondoka.

Afande alisimama kutoka kwenye kile kiti kama kinamuunguza.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mtetemo ule niliojifunza wiki nzima. Ulikuwa ugonjwa wake."

Fundi alibaki palepale mlangoni. Alikuwa amesimama na mikono inaning'inia.

"Nilidhani unanifundisha simu," Afande akasema. "Kumbe unanifundisha kuwa mke wako. Umenikalisha kwenye kiti chake, umenipa mkono wake. Mimi niko wapi humu ndani, Fundi? Nionyeshe sehemu moja tu."

Fundi alifungua mdomo akaufunga, na Afande akachukua viatu vyake mkononi, akashuka ngazi pekupeku.

Simu ikaita, hakupokea. Ikaita tena, akaigeuza kifudifudi. Siku moja Fundi alisimama palepale ukingoni mwa mzunguko, na Afande akampa ishara ya kuvuka kama anavyompa mtu yeyote. Akavuka. Mkono ulikuwa umeshapona, unasomeka hadi mwisho wa barabara, na mwenye mkono alikuwa anarudi chumbani analia juu ya sahani.

Ndipo alipompigia mama yake.

"Alikupiga?" mama akauliza.

"Hapana, mama."

"Ana mwingine?"

"Ana yule aliyekufa." Akamsimulia yote, kiti, simu na mtetemo.

Mama akavuta pumzi. "Mwanangu, mwanamume aliyemtengenezea mgonjwa taa ya kuwasha akiwa kitini, huyo si wa kukimbiwa. Wengine hukimbia homa tu. Lakini na wewe usiingie nyumba isiyo na msumari wa kutundika nguo zako. Kamuulize msumari wako uko wapi. Akikosa jibu, rudi."

"Nilishamuuliza. Alinyamaza."

"Ulimuuliza umeshika viatu mkononi. Mtu akiona viatu mkononi anajibu nini?"

Simu ilipoita jioni ile, Afande akapokea.

"Usikate," Fundi akasema. "Sitajitetea. Nataka kukuambia tu ilivyo. Kuifundisha simu mkono mpya ni kazi ndogo sana. Ningeifundisha wako siku ile ya kwanza. Lakini kila kitu kinashika mkono mmoja tu, ukiingiza mwingine, wa zamani unafutika. Nilishindwa kuufuta. Kwa hiyo nikakupa wewe kazi ya kubadilika, kwa sababu mimi niliogopa. Nilikuwa mwoga, mpenzi. Sikutaka uwe yeye."

Afande alikuwa amelala chali anaangalia dari.

"Na sasa?"

"Juzi nilikaa na simu mkononi ili nifute kabla sijakupigia. Nikashindwa tena. Ningeweza kukudanganya kwamba nimefuta. Nimeona bora nikuambie nimeshindwa, halafu nikuombe uje tufanye wote wawili. Ukisema yote yaondoke, yataondoka, na mimi nitakuwepo."

"Na kama nikikataa kuja?"

"Nitakuwa navuka barabara kila siku hadi nizeeke."

"Utagongwa na gari."

"Wewe ndiye unayeyaongoza."

Afande alikuja mchana wa Jumapili, moja kwa moja kutoka zamu, na sare yake na vumbi lake. Makusudi. Kama ni kupendwa apendwe hivyohivyo, na jasho la kofia kwenye paji la uso. Fundi alimfungulia mlango, akamtazama kuanzia kofia hadi buti, na uso ukamlegea kwa furaha kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Nisimame wapi?" Afande akauliza.

"Popote unapotaka. Simu itahesabu kutokea hapo."

Akasimama katikati ya sebule, kwenye zulia, miguu imeachana. Kazi yake ni kusimama katikati. Fundi akabonyeza, akampa simu. Afande akainyoosha kwenye taa ya ukutani kwa bega zima, akafyeka hewa kama anaondoa msafara. Simu ikatoa mlio mdogo wa kukubali. Akafyeka tena, na taa ikawaka. Akaizungushia feni kiwiko, feni ikaondoka. Redio iliyokuwa inaongea akaipigia kiganja, ikanyamaza katikati ya neno. Kila kitu kimoja kilipomtii, Fundi aliinamisha kichwa kidogo, na Afande aliona kinamuuma, na aliona pia kwamba hakusema subiri.

Ikabaki taa ya dirishani.

"Hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza," Fundi akasema bila kuulizwa. "Alikuwa hajawasha kitu mwenyewe miezi mingi. Alipoiwasha akaizima, akaiwasha, akaizima. Nikamwambia utaiunguza. Akasema, iungue, ni yangu." Akafuta macho kwa mkono wa shati. "Endelea tu. Niko tayari."

Afande alikuwa na kidole juu ya kitufe. Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania mpira. Akakiondoa kidole.

"Hii hapana. Hii alisema ni yake."

"Afande."

"Nyumba nzima nimepewa. Nitakosa usingizi kwa taa moja?"

Fundi akakaa kwenye ukingo wa kochi. Akamshika mkono, ule wa glavu, akamvua glavu kidole kimoja kimoja.

"Nioe," akasema, akajikosoa. "Yaani, nataka kukuoa. Nimechanganyikiwa. Uolewe na mimi, tukae wote hapa, au tuhame, popote utakaposimama wewe."

"Ngoja," Afande akasema. "Huko siwezi kujibu kabla sijamsalimia mwenyeji."

Akavua kofia. Akaenda kwenye kiti cha dirishani, akakaa polepole kwenye mto uliobonyea, safari hii anajua amekaa kwa nani. Mkono wake ulikuwa umesahau mambo ya kunong'ona, wiki zote hizo ulikuwa unapiga kelele barabarani. Akainua simu kidogo. Akapindua kifundo. Mwishoni ukaja mtetemo, na safari hii hakuigiza.

"Shikamoo, dada," akasema.

Hakuna kilichotokea kwa muda wa pumzi moja. Kisha taa ndogo ikawaka dirishani, mchana kweupe, na Fundi akauficha uso wake magotini mwa Afande akalia kama ambavyo hakuwa amelia hata mazikoni. Afande akamwekea kiganja kichwani.

"Amekubali," akamwambia. "Na mimi nimekubali. Sasa inuka uniletee maji ya kunywa, mume wangu, nimesimama juani tangu asubuhi."