Kipimo cha Gari la Mama

Kila alasiri Tusekile aliporudi kutoka shule, kazi yake ya kwanza ilikuwa kugeuza mpunga ulioanikwa kwenye turubai, na ya pili kufuta vumbi kwenye gari la mama yake. Kazi ya kwanza aliifanya huku akiburuta miguu. Ya pili aliifanya akiimba.

Gari lenyewe lilikuwa kioja katika mji mzima wa Kyela. Lilikuwa jekundu, la kispoti, lenye milango miwili tu, tena fupi kiasi kwamba mbuzi waliweza kuchungulia dirishani bila kuinua shingo. Mhandisi mmoja mgeni alikuja nalo wakati wa ujenzi wa barabara, na mkataba wake ulipokwisha akaliuza. Aliyelinunua alikuwa Keziya, mama yake Tusekile, mfanyabiashara wa vitenge huko Kasumulu mpakani.

"Keziya, gari hilo halibebi hata gunia moja la mchele!" majirani walimcheka.

"Magunia yana lori lao," alijibu. "Hili ni langu mimi."

Mafundi wa Kyela walizoea malori na pikapu, wala hawakutaka kugusa gari lenye kompyuta ndani. Kwa hiyo Keziya akaamua kulitunza mwenyewe. Kila Jumamosi alivaa kitenge chakavu, akafungua boneti na kuanza kukagua: mafuta, plagi, breki, maji ya rejeta. Tusekile alishika tochi na spana, akijiona fundi mdogo.

Krismasi iliyopita, Mjomba Ambrose, kaka yake Keziya aliyefanya biashara ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Malawi, alileta zawadi kutoka Mzuzu. Ilikuwa mashine ndogo nyeusi ya kupimia magari, yenye kioo cha maandishi, vitufe vinne na waya mnene. Ukiuchomeka waya chini ya usukani na kufungua swichi ya gari, mashine ilizungumza na ile kompyuta. Kama palikuwa na hitilafu, ilionyesha namba, na maana ya namba hiyo ukaitafuta katika kijitabu cha Kiingereza.

"Hiki kipimo usikiguse nikiwa sipo," mama alimwonya Tusekile. "Umenisikia, Tuse?"

"Nimesikia, mama."

Jumanne moja mama alirudi na uso uliokunjamana. Katika dashibodi palikuwa pamewaka taa ndogo ya njano yenye umbo la injini.

"Gari linalalamika," alisema. "Sitaliendesha tena mpaka Jumamosi, nilipime kwa utulivu. Jumatatu lazima tumpeleke bibi yako Tukuyu. Daktari wa macho kutoka Mbeya atakuwapo siku moja tu."

Bibi Marta, mama yake Keziya, alikuwa akiishi nao. Jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa na ukungu, na la kushoto lilianza kufuata. Siku hizi Tusekile ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kanisani.

Alhamisi mama alikwenda Kasumulu kwa gari la abiria. Alasiri, Neema, rafiki yake Tusekile, alipita kuazima daftari, akasimama kulitazama gari.

"Eti mnayo mashine ya kuongea na gari? Kaka yangu anasema ni uongo."

"Si uongo!" Tusekile alisema, na kabla hajafikiri vizuri, alikwishatoa ufunguo kwenye kopo la sukari na kipimo kwenye kabati. Aliuchomeka waya kama alivyomwona mama akifanya, akafungua swichi. Kioo kikawaka. Ikatokea herufi moja, kisha tarakimu nne.

"Yesu wangu!" Neema alishangaa. "Sasa inasema nini?"

Tusekile hakujua, lakini hakutaka kusema hajui. "Subiri," alisema, akabonyeza kitufe, kisha kingine. Yakatokea maneno ya Kiingereza ambayo mwalimu wao wa darasa la sita hakuwa amewafundisha, na mwisho wake alama ya kuuliza. Chini yake aliyatambua maneno mawili tu, ndiyo na hapana. Neema alikuwa anamtazama. Tusekile akabonyeza ndiyo.

Namba ikatoweka. Tusekile akaliwasha gari kidogo ili aone kama bado lina uhai. Liliwaka vizuri kabisa, na ile taa ya njano haikuwepo tena.

"Umelitengeneza!" Neema akapiga makofi.

Tusekile alicheka naye, lakini moyoni alichanganyikiwa. Amelitengeneza, au ameliharibu? Mtu anawezaje kutengeneza gari kwa kusema ndiyo kwa swali asilolielewa? Na ile namba ilikuwa ngapi? Alijaribu kuikumbuka, lakini kila alipoikamata tarakimu moja, nyingine zilimponyoka. Alirudisha kipimo kabatini na ufunguo kwenye kopo, akaenda kugeuza mpunga, ingawa alikwishaugeuza.

Jumamosi asubuhi, Keziya alipofungua swichi, alibaki ameduwaa.

"Taa iko wapi?"

Alichomeka kipimo. Kioo kikasema hakuna hitilafu. Akachomoa, akachomeka tena. Jibu likawa lilelile. Akamwita jirani yao, Fundi Anyosisye, aliyekuwa na gereji ya malori. Mzee huyo aliinama, akasikiliza injini, akagusa hiki na kile.

"Shikamoo, Fundi," Tusekile alimwamkia kwa sauti ndogo.

"Marahaba." Kisha akamgeukia Keziya. "Mama Tuse, injini inalia vizuri. Taa haipo, mashine inasema hakuna kitu. Mimi niseme nini? Labda hiyo mashine yenyewe ndiyo mbovu."

Keziya alimtazama binti yake. "Tuse, ulikigusa kipimo hiki?"

"Hapana, mama."

Neno lilitoka haraka, kama vile lilikuwa limekaa mlangoni likingoja. Tusekile mwenyewe alishtuka kulisikia. Alitaka kulirudisha, lakini angeanzia wapi? Isitoshe, gari lilikuwa zima. Au si zima? Kipimo kilisema zima, Fundi amesema zima. Labda kweli alilitengeneza, na hapakuwa na la kuungama.

Mchana Mjomba Ambrose alifika kuwasalimu, akiwa na samaki wakavu wa ziwani kwenye kikapu. Hata hajakaa, dada yake akamvaa.

"Kaka, umeniletea kimeo! Jumanne taa inawaka, leo kipimo kinasema hakuna kitu. Umeuziwa takataka, au uliokota mahali ukaja kunifunga macho kwa zawadi?"

Mjomba alisimama na kikapu chake mkononi. "Keziya, nilikinunua dukani. Nilikijaribu kwenye magari mawili kabla sijalipa. Sielewi."

"Hata mimi sielewi!"

Tusekile alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni. Akajibanza nyuma ya mlango. Mjomba aliweka kikapu chini taratibu, akamuaga bibi, akaondoka bila kula. Kwao haikuwahi kutokea Mjomba Ambrose kuondoka bila kula. Keziya akakitupa kipimo na kijitabu chake kwenye buti ya gari. "Nitamrudishia akija tena," alisema.

Jumatatu waliondoka saa moja asubuhi. Tusekile aliombewa ruhusa shuleni ili amwongoze bibi. Alijikunja kiti cha nyuma, magoti yakimgusa kidevu, na bibi akakaa mbele akiwa amevaa kitenge chake kipya. Hadi njia panda ya Kasumulu barabara ilikuwa tambarare, na gari lilikwenda kama mshale. Bibi alicheka upepo ulipompiga usoni.

Kisha kilima kikaanza. Mbele yao lori lililojaa ndizi lilikuwa likipanda kwa mwendo wa kobe, na kona hazikuruhusu kulipita. Wakalifuata, polepole, dakika kumi, dakika ishirini. Tusekile alikuwa akitazama dashibodi kati ya viti viwili. Aliuona mshale wa joto ukipanda. Ukapita katikati. Kisha, kimyakimya, ile taa ya njano ikawaka.

"Mama," alisema.

"Nimeiona."

Mara moshi mweupe ukafuka kutoka kwenye boneti. Keziya aliegesha kando ya shamba la migomba, akazima injini na kuwashusha wote. Tusekile alikimbilia boneti, lakini mama alimshika bega.

"Usiguse! Maji yanachemka humo. Ukifungua kifuniko cha rejeta sasa hivi, yatakurukia usoni."

Wakasimama. Mvuke ulifuka, bibi alikaa juu ya jiwe akiuliza, "Tumefika?" Keziya alikuwa akizunguka gari kama mtu aliyepoteza kitu. "Taa inakuja, taa inakwenda. Maji nilijaza. Mafuta nilijaza. Sasa nishike wapi? Nisipojua tatizo, itabidi tutafute gari la kutuvuta turudi Kyela. Na daktari anaondoka leo."

Tusekile alimtazama bibi, aliyekuwa ameelekeza uso wake mahali pasipo na mtu, akidhani ndipo walipo.

"Mama, ile taa haikujizima yenyewe," alisema. "Mimi ndiye niliyeizima. Siku ya Alhamisi. Nilikuwa namwonyesha Neema. Palikuwa na namba, nikabonyeza, ikafutika."

Tusekile alingoja kofi, au kelele, lakini mama aliuliza swali moja tu.

"Namba gani?"

"Sikumbuki." Machozi yakaanza kumtoka. "Nilidhani nimelitengeneza. Kisha nikadhani nimeliharibu. Sikujua, mama. Ndiyo maana nikanyamaza."

"Lete kipimo."

Tusekile alikitoa kwenye buti. Mama alichomeka waya, akafungua swichi bila kuwasha injini. Ile herufi ikatokea, na zile tarakimu nne. Mara hii Keziya aliziandika kwanza kwenye kiganja chake kwa kalamu, kisha akafungua kijitabu. Walisoma pamoja, kidole juu ya mstari, neno kwa neno.

"Feni," mama alisema. "Umeme wa feni ya kupoza rejeta."

Wakainama kutazama. Injini ilikuwa ya moto kama tanuri, lakini feni ilikuwa imesimama tu. Kwenye tambarare upepo wa mwendo ulitosha kulipoza gari. Huku mlimani, nyuma ya lori, haukutosha. Na Jumamosi injini haikuwashwa muda wa kutosha kuihitaji feni.

Keziya alifungua kisanduku cha fyuzi. Fyuzi ya feni ilikuwa nzima. Pembeni yake palikuwa na rilei, vile vidude vidogo vyeusi vya mraba vinavyopitisha umeme. Alichomoa ya feni, ikatoka ikiwa imeungua miguu. Akafikiri kidogo, akachomoa ya honi, iliyofanana nayo kabisa, akaichomeka mahali pa ile mbovu. Alipofungua swichi, feni ikanguruma.

"Ndaga, Tata!" bibi alimshukuru Mungu kwa lugha ya kwao kutoka pale jiweni. "Sasa tumefika?"

Walingoja karibu saa nzima injini ipoe, wakaongeza maji waliyochota kwenye kijito cha karibu, ndipo wakaendelea bila honi. Kila kona Tusekile alitoa kichwa dirishani akapiga kelele "Gari linakuja!" hadi sauti ikamkauka.

Walifika Tukuyu saa tano. Daktari alimpima bibi, akasema jicho lilihitaji kupasuliwa na kwamba lingepona. Lakini orodha ya upasuaji wa siku ile ilikuwa imejaa tangu saa nne. "Mngewahi, ningemfanyia leo," alisema. "Mleteni Mbeya siku ya Alhamisi."

Ikabidi safari ifungwe upya, ndefu kuliko ya kwanza, na Keziya akakosa siku nyingine ya soko. Bibi alipasuliwa Alhamisi. Bandeji ilipotolewa kesho yake, alimtazama Tusekile kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe umekuwa mrefu hivi!" Tusekile alilia na kucheka kwa pamoja.

Jumamosi Keziya alimchukua binti yake hadi Kasumulu, kwenye kibanda ambacho Mjomba Ambrose alipenda kunywea chai. Mjomba alipowaona, hakuinuka.

"Shikamoo, Mjomba," Tusekile alisema. Akaeleza yote, tangu kopo la sukari mpaka kilimani, bila kuruka kitu. "Kipimo ni kizima. Mbovu nilikuwa mimi. Nisamehe."

"Nami nisamehe, kaka," Keziya aliongeza. "Nilikutukana mbele ya mtoto."

Mjomba Ambrose alikoroga chai yake. "Siku ile nililala nikijiuliza nimekosa nini," alisema. "Nimewasamehe. Lakini wewe, dada, siku nyingine uliza kwanza, ufoke baadaye."

"Hilo nalikubali," alisema Keziya. Kisha akamgeukia binti yake, na sauti yake ikawa ya upole lakini nzito.

"Tuse, kubonyeza vitufe hakukunikasirisha sana. Hata mimi sikukielewa kipimo siku ya kwanza. Kilichotuumiza ni kunyamaza. Ulipoifuta ile namba, ubovu ulibaki palepale. Sisi tu ndio tuliacha kuuona. Na ulipokaa kimya, nilimlaumu mtu asiye na kosa, na bibi yako akakosa nafasi yake. Usipojua kitu, sema sijui. Ukikosea, sema siku ileile. Mtu akiujua ukweli, hata ukiwa mbaya, anapata mahali pa kuanzia kutengeneza."

"Nimeelewa, mama," Tusekile alisema, na safari hii alikuwa ameelewa kweli. Mjomba alisogea kwenye benchi kuwapisha wakae, akamwambia mwenye kibanda alete vikombe viwili vingine.