Mfuko Mmoja wa Jumamosi

Kitendawili. Sema tega, usinitolee macho. Hana miguu, anapanda. Hana mabawa, anashuka. Na mkulima hajapata kumwona anayembeba. Umeshindwa? Nipe mji. Haya, umenipa Mang'ula. Nimekwenda Mang'ula, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Ni bei.

Basi kaa usikilize bei ilivyoua ng'ombe Ifakara, mwaka ule wa tisini na sita.

Walikutwa asubuhi pembezoni mwa Lipangalala, zizi zima limelala. Matumbo yamevimba, povu limetanda puani. Bwana mifugo alipasua tumbo la mmoja, akarudi nyuma akiziba pua.

"Urea," alimwambia Inspekta Scolastica. "Mbolea ya kukuzia mpunga. Wameinywa kwenye maji."

Seni, mwenye ng'ombe, hakusubiri. Mdogo wake Shilinde, aliyekuwa akiwachunga, alishataja jina: Melkiori, mkulima jirani. Ng'ombe walimlia mpunga wiki iliyopita, naye akaapa watajuta. Kabla jua halijawa kali Melkiori alikuwa mahabusu. Nje ya kituo Wasukuma wenye fimbo walitazamana na wakulima wenye mapanga.

"Mtoe huyo tumhoji wenyewe," alisema Seni.

"Nitamhoji mimi kwanza. Na hizo fimbo wekeni chini, hapa si mnadani."

Ndani, Melkiori alikuwa amekaa sakafuni, mdomo umepasuka.

"Uliapa?" Inspekta aliuliza.

"Niliapa. Wewe wangekulia ungeimba?"

"Ukawatilia urea."

"Urea ya wapi, afande? Kwa bei ya mwaka huu? Nenda shambani kwangu, halafu urudi unitukane."

Alikwenda. Mpunga wa Melkiori ulikuwa wa njano, umedumaa kama mtoto aliyeachishwa ziwa mapema. Mtu mwenye urea ndani hauachi mpunga wake ufike hapo. Akaipekua nyumba hadi darini. Hakuna hata punje.

Basi nani aliyekuwa nayo? Inspekta akaenda sokoni kwa Wendelin, mkadiriaji wa bei wa chama cha ushirika. Kila Jumamosi Wendelin alizunguka madukani, akashuhudia mbolea ikiuzwa, kisha akaandika bei ubaoni kwa chaki. Bei hiyo ndiyo iliyofuatwa na wauzaji wa bonde zima, hadi Masagati.

"Jumamosi uliona wangapi wakinunua urea?"

"Mmoja, afande. Dukani kwa Viktor."

"Wengine?"

"Waliuliza, wakaona ghali, wakaondoka."

"Kwa hiyo wote walioikataa bei hukuwahesabu. Ukamhesabu mmoja aliyeikubali, ukaiita bei ya bonde."

"Utaratibu unasema mauzo yaliyoshuhudiwa. Hausemi niulize mnunuzi ni nani."

"Mimi nauliza. Ni nani?"

Wendelin aliifuta chaki vidoleni. "Yule mchungaji. Mdogo wake Seni."

"Asiye na jembe wala shamba."

"Pesa alikuwa nayo."

Inspekta alirudi kituoni, akamwingiza Shilinde ofisini. Seni akafuata, akasimama mlangoni.

"Mfuko wa urea uliobeba Jumamosi uko wapi?"

Shilinde alitazama miguu yake.

"Nimekuuliza, Shilinde. Uko wapi?"

Seni akacheka kwa dharau. "Mdogo wangu anunue mbolea, aipake pembe? Afande, sema tu unamtafutia Melkiori, Mndamba mwenzako, njia ya kutokea."

Inspekta hakumjibu. Aliagiza Viktor aletwe.

Viktor alikuja na maneno mengi, shati limenyooshwa kwa pasi.

"Mimi ni mfanyabiashara. Bei anaiandika Wendelin."

"Na Wendelin anaandikishwa na nani? Pesa aliyokulipa Shilinde aliitoa wapi?"

"Nitajuaje pesa ya mtu inakotoka?"

"Ng'ombe wamekufa, Viktor. Aliyempa mchungaji sumu atasimama naye kizimbani. Utaniambia mimi, au nikuache hapa na Seni ukamweleze yeye?"

Seni aligonga sakafu kwa fimbo, mara moja. Viktor akatoa leso.

"Ilikuwa pesa yangu," alisema. "Nilimpa uani, akanilipa mbele ya Wendelin. Ghala langu limejaa urea niliyoinunua rahisi kabla ya msimu. Mauzo ya mfuko mmoja kwa bei ya juu yanatosha, bonde zima linapanda. Nilimwambia aurudishe giza likiingia. Hakuurudisha."

"Na wakulima ambao mpunga wao unakauka?"

"Wangezoea."

"Mtie pingu," Inspekta alimwambia koplo. "Melkiori atabaki ndani mpaka nijue sumu ilifikaje kwenye zizi. Nikimtoa sasa watamuua pale nje."

Seni hakucheka tena. Alimsogelea mdogo wake hadi vivuli vyao vikagusana.

"Afande amekuuliza, umenyamaza. Sasa nakuuliza mimi, mtoto wa mama yangu. Mfuko uko wapi?"

Shilinde aliinua uso.

"Uko mtoni, kaka. Niliuficha zizini, nikauegemeza juu ya hori la maji. Nilitaka kuuuza nipate ndama wangu mwenyewe. Tangu tutoke Maswa nachunga wako tu. Usiku ng'ombe wameutoboa kwa pembe, urea yote imemwagikia kwenye maji yao. Alfajiri nimeona. Nikautupa mfuko, ndipo nikaja kukuamsha na jina la Melkiori."